Presha Nzuri Isikudanganye: Majibu kwa Wauguzi na Wanaouguza Nyumbani

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kipimo kinasema hivi, mgonjwa anaonekana vile, nifuate kipi? Dozi tulizoandika hapa ni za miongozo ya Shirika la Afya Duniani. Kama mwongozo uliobandikwa ukutani wodini kwenu unatofautiana, fuata huo wa ukutani, kisha muulize mfamasia sababu.

Mama amejifungua kawaida saa moja na nusu iliyopita. Pedi mbili zimelowa, si sana. Presha 108/70, mapigo ya moyo 116. Anasema ana kiu na anahisi baridi. Nilimpigia daktari nikamwambia presha ni nzuri ila mapigo yamepanda kidogo, akasema niendelee kumwangalia. Nilikosea wapi? (Muuguzi mkunga, Tabora)

Kupima ulipima vizuri. Ulipokosea ni pale ulipoanza na presha. Presha ya mama mzazi ni ya mwisho kushuka: damu yake iliongezeka wakati wa ujauzito, na anapovuja mishipa hujikaza ili moyo na ubongo visikose. Anaweza kupoteza lita nzima huku mashine ikikuonyesha namba za kupendeza. Kinachoitangulia presha ni mapigo ya moyo. Chukua mapigo ugawe kwa namba ya juu ya presha: 116 kwa 108 ni 1.07. Kwa mama aliyejifungua, jibu likifika 0.9 anza kutafuta damu iko wapi. Kiu, baridi, kutotulia na kupiga miayo huku akisema "sijisikii vizuri tu" ni sehemu ya kipimo hichohicho.

Damu usiitafute kwenye pedi peke yake. Mgeuze mama ubavu uangalie chini ya makalio, kwenye khanga na kwenye mpira wa kitanda. Pima pedi kwenye mizani, utoe uzito wa pedi kavu. Gramu 1 ihesabu kama mililita 1. Kisha weka mkono tumboni. Mji wa mimba uliojikaza ni mgumu kama mpira wa tenisi na uko usawa wa kitovu au chini yake. Ukiukuta laini, umepanda juu ya kitovu, huenda umejaa mabonge ndani na pedi ikabaki safi. Ukiwa umesukumwa upande, kibofu kimejaa mkojo na hakiuachi ujikaze. Kama mji wa mimba ni mgumu lakini mama analalamika maumivu makali sehemu za siri na kubanwa kama anataka haja kubwa, damu imejikusanya ndani ya kuta za uke, nayo haionekani mpaka achunguzwe.

Sasa mikono. Ukianza, yote yaende pamoja; usifanye moja ukasubiri lishindwe ndipo uje la pili. Piga kelele mwenzako aje. Sugua mji wa mimba mpaka ukaze, utoe mabonge. Mwambie mama akojoe, au weka katheta. Oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, uniti 10 kwa mshipa, ikiwa imechanganywa kwenye dripu na kupita kwa dakika 10. Usiisukume yote kwa mpigo mmoja, maana hushusha presha ghafla, na huyu hana presha ya kupoteza. Kisha uniti 20 kwenye lita 1 ya normo salaini (maji ya chumvi ya dripu) kwa saa 4. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, gramu 1 kwa mshipa, polepole kwa dakika 10. Ampuli za miligramu 500 ni mbili. Hii ya mwisho haisubiri daktari amalize kuangalia mchaniko. Inafaa ndani ya saa 3 tangu mtoto azaliwe, na kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa karibu sehemu moja ya kumi. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, rudia mara moja. Ampuli zake ziwekwe mbali kabisa na trei ya ganzi ya mgongo. Zimewahi kuchanganywa, na ikiingia kwenye uti wa mgongo huua.

Mfumo wa kupima damu kwa mfuko wenye alama unaowekwa chini ya mama, na kutoa tiba zote kwa pamoja kama tulivyoeleza, ulijaribiwa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Hospitali zilizoutumia ziligundua wanawake 93 kati ya kila 100 waliovuja kupita kiasi. Kwa kukadiria kwa macho waligunduliwa 51 tu. Hapo wahudumu walichukua hatua damu ilipofika mililita 500, au 300 kama mapigo, presha au hali ya mama haikuwa sawa. Mama wako angeingia kwenye kundi hili la pili.

Na simu kwa daktari? Anza na hofu yako, namba zifuate: "Dokta, niko wodi ya wazazi, kitanda cha 4. Nina mama nadhani anavuja damu. Amejifungua saa 1 na nusu iliyopita, mapigo 116, presha 108 kwa 70, ana kiu na baridi, mji wa mimba ni laini. Nimeanza kusugua, oksitosini na traneksamiki vinaingia. Naomba uje sasa hivi, na nimeagiza damu iandaliwe." Daktari akisikia "presha nzuri" mwanzoni, yaliyofuata hayasikii tena, ndivyo masikio yanavyofanya kazi saa 9 usiku. Akikataa kuja, andika saa na jibu lake kwenye faili, kisha mpigie aliye juu yake. Huko si kumkosea adabu mtu.

Jambo la mwisho. Kama oksitosini "haifanyi kazi" kwa mama wa pili au wa tatu wiki hii, kagua friji. Inatakiwa ikae nyuzi 2 hadi 8. Ampuli iliyoshinda kwenye trei dirishani hupoteza nguvu na kwa macho huioni tofauti yoyote.

Wodini kwetu faili zote zimeandikwa upumuaji 20. Mkuu wa wodi ametukemea. Lakini tupo wawili kwa wagonjwa 40, dakika nzima kwa kila mmoja haiwezekani. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni hakitoshi? (Nesi, Kisumu)

Hakitoshi, na mkuu wenu ana haki. Upumuaji ndio kipimo kinachobadilika mapema kuliko vingine mgonjwa anapoanza kuharibika, kwa sababu mwili hupumua haraka ili kufidia: oksijeni imepungua, damu imepungua, au asidi imezidi kwa maambukizi makali au kwa sukari iliyopanda. Oksijeni kidoleni inaweza kukaa 96% kwa saa kadhaa kwa sababu tu mgonjwa anapumua mara 30 kuishikilia hapo. Anapochoka ndipo namba inaporomoka, na hapo umebaki na dakika chache. Ukiandika 20 bila kuhesabu, umemfutia aliyekupokea zamu onyo pekee alilokuwa nalo.

Kwa wagonjwa 40, gawa. Dakika nzima wape waliolazwa leo, waliopasuliwa ndani ya saa 24, walio kwenye oksijeni, wanaopewa mofini, watoto wachanga wote, na yeyote ambaye ndugu yake amekuambia "leo simuelewi". Huyo ndugu humjua mgonjwa kuliko mashine. Waliobaki, hesabu sekunde 30 kisha uzidishe kwa mbili, inatosha. Usimwambie mgonjwa kwamba unahesabu, atabadilisha pumzi. Shika kifundo cha mkono kama unahesabu mapigo, laza mkono wake juu ya tumbo, utaona unavyopanda na kushuka. Mtoto ahesabiwe akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, nguo imefunuliwa. Chini ya miezi 2, 60 na zaidi ni haraka. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Mtu mzima ni 12 hadi 20 kwa kawaida. 25 mwite daktari, na 8 au chini mwite ukikimbia.

Hiyo 8 msiisahau kwa waliotoka upasuaji. Mgonjwa aliyepewa mofini akikoroma, amelala fofofo na anaamka kwa shida, usimwandike "amepumzika vizuri". Dozi inayofuata isitolewe, weka oksijeni, mwamshe apumue, na naloksoni, dawa ya kuondoa nguvu ya mofini, iwe mkononi.

Kifaa chenyewe kina mipaka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Yaani kilisema iko vizuri wakati damu iliyochotwa kwenye ateri ilionyesha iko chini. Sisi na wagonjwa wetu tuna ngozi hiyo. Kwa hiyo 93 au 94 kwa mtu anayehema usiipokee kama habari njema. Vidole vya baridi, rangi ya kucha na piko nyeusi navyo hukivuruga. Badilisha kidole, au tumia cha mguu. Kisha linganisha mapigo kinayoonyesha na yale unayohesabu kwa mkono. Yasipolingana, hata ile asilimia usiiandike.

Tumeletewa ampuli za magneziamu salfeti za aina mbili. Mwenzangu alichanganya kwa namna yake, mimi kwa namna yangu. Nani yuko sahihi kwa mama mwenye kifafa cha mimba? (Muuguzi, zahanati, Mkoa wa Lindi)

Aliyesoma asilimia kwenye lebo. Ampuli ya 50% ina gramu 1 kwa kila mililita 2, iwe ndogo ya mililita 2 au kubwa ya mililita 10. Ya mshipa haiingii ikiwa 50%. Inazimuliwa iwe 20%. Vuta mililita 8 za 50%, ambazo ni gramu 4, ongeza mililita 12 za maji ya sindano, upate mililita 20 kwenye bomba moja. Hizo zipite polepole, zisipungue dakika 5, kwa kuangalia saa, si kwa kukisia. Mara baada ya hapo, za msuli: gramu 5 kila tako, yaani mililita 10 za 50% bila kuzimua, pamoja na mililita 1 ya lidokeni (ganzi) ya 2% kwenye bomba hilohilo, kwa sababu zinauma sana. Jumla ya dozi ya mwanzo ni gramu 14, mililita 28 za 50%. Jumla yako ikikataa kufika 28, simama urudie hesabu kabla ya kumgusa mama.

Anapodegedeka, mlaze ubavu wa kushoto, fyonza mate, weka oksijeni. Kijiko mdomoni hapana. Kinavunja meno na kusukuma ulimi nyuma.

Dozi za kuendelea ni gramu 5 msulini kila saa 4, matako yakipokezana, mpaka saa 24 baada ya kujifungua au baada ya degedege la mwisho, lililochelewa kati ya hayo. Kabla ya kila dozi angalia vitu vitatu, na kimoja kikikosekana usichome: anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, mkojo haujapungua mililita 30 kwa saa kwa saa 4 zilizopita. Dawa hii hutoka kwa mkojo. Figo zikilala inajikusanya: goti linaacha kuruka kwanza, pumzi inafuata, moyo mwisho. Ndiyo maana goti linagongwa. Linakupa nafasi kabla pumzi haijaguswa. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga magneziamu iliyozidi, mililita 10 za 10%, iwe imebandikwa kichwani mwa kitanda pamoja na ambu (mfuko wa kumpumulisha mgonjwa). Pumzi ikisimama, ambu kwanza, kalsiamu polepole mshipani, simu baadaye.

Kwa kuwa uko zahanati: mpe dozi ya mwanzo yote, ndipo gari liondoke. Kwenye karatasi ya rufaa andika saa uliyochoma, kwa sababu wanaompokea wasipojua wataanza upya.

Mtoto wa miezi 9, kilo 8, anaharisha siku ya pili. Macho yameingia ndani, amelegea, hanywi, ngozi ya tumbo ukiivuta inarudi polepole. Matone mangapi kwa dakika? (Muuguzi mwanafunzi, Dodoma)

Huyo amekaukiwa sana, na hesabu yake ni mililita 100 kwa kila kilo: 800 za Ringa lakteti, maji ya dripu. Kwa aliye chini ya mwaka, 30 kwa kilo zinapita saa ya kwanza, yaani mililita 240. 70 kwa kilo, yaani 560, zinapita saa 5 zinazofuata.

Kabla ya kuhesabu matone geuza pakiti ya mrija usome. Mrija wa kawaida ukiwa wa matone 20 kwa mililita, 240 mara 20 gawa kwa dakika 60 ni matone 80 kwa dakika. Baadaye 560 kwa saa 5 ni matone 37. Ukiweka mrija wa watoto wa matone 60 na bado ukahesabu 80, mtoto atapata mililita 80 kwa saa badala ya 240, na asubuhi mtasema dripu ilimkataa. Rudi kila dakika 15 ushike mapigo ya mkononi mpaka yawe na nguvu. Yasipokuwa na nguvu baada ya saa ya kwanza, zile 240 zinarudiwa mara moja. Akianza kumeza, ORS mililita 40 kwa saa kwa kijiko hata kama dripu inaendelea, na zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14. Mshipa ukikataa, usimchome mara ya nane: weka mrija wa puani, ORS mililita 160 kwa saa.

Mwendo huu si wa kila mtoto aliyelegea. Kwanza funga utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu: chini ya sentimita 11.5, au miguu imevimba, huyo ni utapiamlo mkali na maji ya kasi humjaza mapafu. Pili, mwenye homa kali na mikono ya baridi lakini haharishi. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa watoto wa namna hiyo zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Waliosukumiwa maji haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48, karibu 11 kwa 100, wakati waliopewa maji ya kawaida tu walikufa 7. Ukiandikiwa maji ya haraka kwa mtoto wa homa asiyeharisha, una haki ya kuuliza kabla ya kufungua koki.

Namuuguza mama mkwe nyumbani, kiharusi kimempiga upande wa kulia. Matako yameanza kubadilika. Tumemtengenezea kata ya khanga akalie, na tunamsugua kwa spiriti. Tunafanya sawa? (Mama wa Tanga)

Dada, kata itoe leo. Inafaa kichwani kwa ndoo. Chini ya mgonjwa inabana mduara wote na damu haipiti katikati, penye kidonda penyewe. Spiriti inakausha ngozi, na kusugua mahali palipoanza kuharibika kunachana mishipa midogo iliyobaki.

Mgeuze kila saa 2, mchana na usiku, na muandike zamu kwenye daftari ili kila mtu asidhani mwenzake amegeuza. Msimlaze ubavu moja kwa moja. Mfupa wa nyonga utaoza. Mwegemezeni kidogo tu, mto mgongoni, kiganja chako kipite kati ya tako na godoro. Mto mwingine chini ya ndama za miguu ili visigino vielee. Mkimsogeza juu, watu wawili mnyanyue kwa shuka; msimburute, wala msimvute kwa mkono uliopooza, bega litateguka.

Kwenye ngozi yetu msisubiri wekundu. Tumia mgongo wa kiganja: mahali penye joto kuliko pembeni, pagumu au pamebonyea kama embe lililoiva sana, peusi zaidi au pa zambarau, hapo pamekwisha kuanza. Asilalie hapo kabisa mpaka parudi kawaida. Ngozi ikifunguka, mpelekeni kituoni.

Na kwenye kula: aketi wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko cha chai, upande wa kinywa ulio mzima. Maji matupu huwapalia kuliko uji mzito. Akikohoa, au sauti ikiwa kama ina maji kooni, simamisha mlo na muonyesheni kwa wataalamu kabla ya kujaribu tena. Abaki ameketi dakika 30 baada ya kula, na kinywa kisafishwe; mabaki yanayolala shavuni ndiyo huishia mapafuni usiku.

Mgonjwa wa kisukari amegoma chakula cha jioni. Insulini ya saa 12 nimpe? (Nesi, Mbeya)

Pima sukari kwanza. Ile insulini ya kufanya kazi haraka huenda na chakula. Hakuna chakula, isubiri mpaka uongee na daktari. Ile ya muda mrefu usiiache kwa uamuzi wako, hasa kwa aliyeanza kisukari utotoni, maana akikosa insulini kabisa damu yake hujaa asidi hata asipokula. Sukari ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na anameza, vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Kisha muulize kwa nini amegoma: kichefuchefu, maumivu, au chakula kimekuja kimepoa. Jibu hilo nalo liingie kwenye ripoti ya zamu.

Damu imepita dakika 10, mgonjwa anatetemeka na joto limepanda kutoka 36.8 hadi 38.1. Nipunguze matone? (Muuguzi, Bukoba)

Usipunguze, funga. Toa mrija wote, kwa sababu uliobaki na damu ukiunganisha salaini utamsukumia iliyobaki. Weka mrija mpya na normo salaini, usiweke dekstrozi. Linganisha upya jina, namba ya faili na kundi kwenye chupa, kwenye fomu na kwa mgonjwa mwenyewe kwa kumuuliza "unaitwa nani?" badala ya "wewe ni fulani?". Mwite daktari, pima mapigo, presha na pumzi, na angalia rangi ya mkojo. Chupa isitupwe, irudi maabara na mrija wake, pamoja na damu mpya ya mgonjwa kutoka mkono wa pili.